Mdogo wangu kamsukuma trafiki, je atafungwa miaka kumi?

SWALI: Shikamoo wakili. Mdogo wangu ni bodaboda hapa Morogoro, trafiki walimsimamisha akagoma kutoa funguo, wakavutana, akamsukuma mmoja akaanguka akachubuka kiwiko. Yuko nje kwa dhamana, kesi Jumatatu. Mtaani wanasema ni miaka kumi, wengine wanasema akiri tu yaishe. Silali kabisa. (Dada mtu)

JIBU: Marahaba dadangu, pole sana. Hiyo kumi ni ya mtaani. Kwenye Kanuni ya Adhabu, kile kifungu tulichozoea kukiita 243, kumshambulia au kumzuia askari akiwa kazini mwisho ni miaka 5, hakimu anaweza kushuka chini ya hapo, anaweza kutoa faini, na kifungo kisipozidi miaka 3 anaweza kumpa huduma kwa jamii badala ya jela. Ila msiseme ni kiwiko tu, raia kwa raia shambulio la kawaida ni mwaka 1, kwa askari ni hiyo 5 hata kama hakuna damu.

Hilo la "akiri yaishe" ndo linaniuma, maana nimeliona sana kizimbani. Shtaka linasomwa, kijana anatetemeka anasema "ni kweli", halafu mwendesha mashtaka anasoma maelezo yenye ngumi na mateke ambayo hayakuwepo, anaulizwa ni sahihi, anaitikia kwa kichwa. Hapo kwa kawaida hakuna tena rufaa ya kupinga kutiwa hatiani, unabaki kulalamikia adhabu tu! Mwambie asikilize neno kwa neno, kisichokuwepo akikatae palepale. Na kama kweli alikabwa kwanza aseme hivyohivyo, "nilimsukuma ila alinikaba", hakimu anatakiwa aandike kwamba amekana.

Akikana, upande wa mashtaka ndo wathibitishe askari alikuwa anafanya kazi yake kihalali, na ile PF3 (fomu ya polisi ambayo daktari anajaza majeraha) ikitolewa ana haki ya kuomba daktari aliyeijaza aitwe aulizwe maswali.

Lakini kama hakukabwa, alisukuma kwa hasira tu, basi akiri hicho alichofanya na asiongeze wala kupunguza, yule askari naye aliumia akiwa kazini. Kukiri mapema na kuwa kosa la kwanza vinapunguza adhabu, akipewa nafasi kabla ya hukumu asinyamaze, aseme nani wanamtegemea. Ombeni nakala ya hati ya mashtaka mapema, Jumapili jioni kaa naye umsomee taratibu mpaka aielewe.