Pipa na wavu vinatosha

Unataka kitu cha kujitengenezea ili farasi wako asifagie nyasi kavu zote jioni halafu akeshe na hori tupu. Uko sahihi kuhangaika: tumbo la farasi hutoa asidi muda wote, awe anakula au hali, hivyo si vizuri likae tupu.

Tafuta pipa la plastiki lililobeba chakula, si kemikali. Likate lifike kifuani mwake, kingo uzipige msasa mpaka kiganja kipite bila kukwaruzwa, na utoboe chini maji yatoke. Jaza nyasi, kisha laza juu yake fremu ya mabomba ya plastiki iliyofungwa wavu wa matundu ya sentimita 4 hivi, ili azivute nyasi kidogo kidogo. Fremu iwe inashuka nyasi zinapopungua. Isibane sana, wala isilegee. Jike wangu aliing'oa kwa meno siku ya kwanza, nikaishia kuiwekea kamba.

Wavu wa chuma achana nao, unakwangua meno na ufizi. Farasi mwenye viatu vya chuma usimwekee wavu chini, kwato itanasa.

Wiki ya kwanza mwachie nyasi nyingine kando, asije akakasirika na kulipiga pipa mateke.