Maswali na Majibu: Ruzuku si Sadaka ya Ijumaa

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu ruzuku zinazotolewa na wakfu wa jamii kwa vikundi vya mitaani. Nimechagua sita. Zilizoniomba nambari ya simu ya mwenyekiti nimezitia kapuni.

Nasikia wakfu una mamilioni benki, ilhali shule ya mtaani kwetu haina vyoo vya kutosha. Kwa nini zisigawanywe zote shida ikaisha? (Msomaji, Kisauni)

Kwa sababu mwakani utaniandikia tena, na wakati huo hakutakuwa na cha kugawa. Linanishangaza swali hili kutoka Mombasa, mji ambao wazee wake walikuwa wakiweka nyumba na mashamba ya minazi kuwa wakfu: nyumba haiuzwi wala hairithiwi, bali kodi yake ndiyo inayoezeka paa la msikiti na kuwasaidia mayatima. Wakfu wa jamii ni ndugu wa jambo hilo. Ule unaohesabiwa kuwa wa kwanza ulianzishwa mwaka 1914 katika mji wa Cleveland, Marekani, na Frederick Goff, wakili aliyekuwa akiongoza benki, ambaye alichoshwa na kuona mali za marehemu zimefungwa kwa masharti yaliyopitwa na wakati. Akaunganisha amana za watu wengi chini ya kamati ya wenyeji, yenye ruhusa ya kuelekeza mapato palipo na haja ya siku hiyo.

Tufanye hesabu ya mfano. Mtaji ni shilingi milioni 10, nao umezaa asilimia 10, yaani milioni moja. Ikiwa bei za vitu zimepanda kwa asilimia 5, nusu ya faida hiyo inapaswa kurudi kwenye mtaji ili usidhoofike, na inayobaki, laki tano, ndiyo ruzuku ya mwaka. Ni kidogo, nakubali. Lakini huja kila mwaka, na atakayeufanya mfuko ukue ni wewe na mimi, jambo ambalo barua yako haikuligusa hata kidogo.

Je, naweza kuomba ruzuku nimlipie mwanangu karo ya sekondari? (Msomaji, Changamwe)

Hapana, hizi ni ruzuku za vikundi, basari zina ofisi zake katika kaunti na katika mfuko wa eneo bunge, na hili nimelijibu mara tatu mwaka huu.

Kikundi chetu cha akina mama kilipewa shilingi 80,000 za cherehani. Sasa tunadaiwa ripoti, stakabadhi na picha. Kwani hawatuamini? (Katibu wa kikundi, Mtongwe)

Dada yangu, kuaminiana na kuandikiana havigombani. Pesa hizo si za afisa anayekudai karatasi. Aliyezichanga huenda ni muuza samaki wa Kongowea aliyetoa shilingi mia mbili, na haki yake ni kujua zimekwenda wapi. Niliwahi kuonyeshwa faili la kikundi kimoja, ambacho sitakitaja, likiwa na stakabadhi kumi na moja za maduka tofauti, moja ya mbao, moja ya saruji, nyingine ya usafiri, na zote zimeandikwa kwa mwandiko uleule, kalamu ileile ya kijani, hata tarakimu saba zina kijistari katikati kwa namna moja. Mradi wenyewe ulikuwepo, nao ulijengwa vizuri. Kilichotokea ni kwamba mweka hazina hakudai stakabadhi siku ya kununua, akajitungia siku ya kudaiwa. Kikundi kikanyimwa awamu ya pili kwa sababu ya uvivu tu.

Kwa hiyo nunueni daftari gumu leo. Kila senti iandikwe siku inapotoka, malipo ya M-Pesa yapitie laini ya kikundi badala ya simu ya mwenyekiti, na ujumbe wa malipo usifutwe. Akaunti ya benki iwe na watia saini watatu ambao si mtu, mkewe na shemeji yake. Nalisema hili la mwisho bila kuulizwa kwa kuwa nimeliona mara nyingi mno.

Mbona ruzuku zinaishia Kisiwani, sisi wa ng'ambo ya feri tunasahauliwa? (Msomaji, Likoni)

Malalamiko haya huenda yana ukweli, na dawa yake ni kuutaka wakfu uchapishe orodha ya walioomba, waliopewa na mitaa yao. Bodi inayoona haya kutoa orodha hiyo pamoja na hesabu zilizokaguliwa haistahili mchango wenu. Hata hivyo, ulizeni pia ni vikundi vingapi vya Likoni vilivyoomba vikiwa na cheti halali. Tangu sheria ya vikundi vya kijamii ya mwaka 2022, kikundi ni cha kusajiliwa katika idara ya maendeleo ya jamii, kikiwa na katiba na kumbukumbu za vikao, wala si majina yaliyokusanywa usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho.

Tena jihadharini na madalali wanaowaandikia maombi kwa ahadi ya asilimia kumi ya ruzuku ikipatikana. Nimesoma maombi matatu ya dalali mmoja: upandaji wa mikoko katika hori ya Tudor, maktaba na ufugaji wa kuku, yote yakiwa na aya zilezile, na katika lile la maktaba alisahau kufuta neno «vifaranga».

Mheshimiwa wetu anataka kuzindua tangi la maji tulilojengewa kwa ruzuku, na jina lake lipakwe rangi juu yake. Tukubali? (Mwenyekiti wa kikundi, Jomvu)

Mkaribisheni kama mgeni, mpeni kiti na madafu. Jina hapana. Tangi likishakuwa na jina la mwanasiasa, wa upande wa pili hawatachangia fundi siku bomba litakapopasuka.

Wakfu unatudai mchango wetu kwanza, nasi hatuna kitu. Je, nguvu zetu zinahesabiwa? (Msomaji, Mikindani)

Mara nyingi zinahesabiwa, ila ulizeni kabla ya kuomba. Kenya Community Development Foundation, wakfu wa jamii ulioanzishwa mwaka 1997, umeujenga mwenendo wake wote juu ya wenyeji kutoa kwanza walicho nacho. Andikeni nani alichimba msingi, siku ngapi, na kibarua hulipwa kiasi gani kwa siku mtaani kwenu. Mchanga na mawe mliyojiletea yapimwe kwa bei ya lori. Na kusema hamna kitu, hilo siliamini: arusi iliyopita hapo Mikindani mlichanga kwa wiki moja tu.