Re: Modeli ya ukungu wa viazi, kwenye laptop asilimia 98, shambani inafeli

Salaam mkuu. Kwahiyo modeli yako (programu iliyofundishwa kwa picha kutambua ukungu kwenye majani ya viazi) kwenye laptop inapatia asilimia 98, ila ukienda shambani Uporoto kila jani inaliita gonjwa na bosi anataka ripoti Ijumaa. Mi ndo kazi yangu hii, usikimbilie kubadili modeli, angalia kwanza ulivyogawa picha. Kama shina moja umelipiga picha nyingi ukazichanganya, zingine zikaenda kufundishia zingine kupimia, hiyo 98 ni kukariri tu. Gawa kwa shamba, za Isongole zifundishe, za Igoma zipime.

Halafu picha zenyewe zikague kwa macho. Za PlantVillage (mkusanyiko wa picha za majani wa kufundishia modeli) ni jani limechumwa, nyuma pako rangi moja, watafiti waliozitumia mwaka 2016 walipata usahihi wa zaidi ya asilimia 99 ila kwa picha za mazingira mengine ukashuka mpaka kama 31. Kwako shambani kuna umande, magugu, udongo, vidole vya mkulima, vyote modeli haijawahi kuviona.

Simu unayopigia hujaitaja, jaribu na ya bei rahisi pia. Bosi mpe namba ya kweli hata ikiwa 60, maana mkulima atanunua dawa kwa hela yake akiifuata hiyo programu. Ukishagawa upya weka matokeo hapa tuyaangalie.