Barua kwa mwanangu: muhtasari nilioutaipu kabla ya kikao

Kihonda, Morogoro
Jumapili jioni

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi niliusoma, nikauweka, nikausoma tena leo baada ya kutoka kanisani. Umesema ile kampuni ya vifungashio imekuomba uwe mjumbe wa bodi, kwamba ni mali ya familia, na kwamba wanataka kujiweka sawa ili baada ya miaka miwili mitatu wauze hisa sokoni. Ukaniuliza mawili kwa mkupuo: ukubali au ukatae, halafu hili: "Mama, enzi zenu kila shirika la umma lilikuwa na bodi, mbona mashirika yalikufa?" La pili ndilo lililoninyima usingizi. Naanza nalo, maana la kwanza limo ndani yake.

Unajua mimi sikuwahi kuwa mjumbe. Nilikuwa katibu muhtasi wa Meneja Mkuu wa kiwanda cha umma, na bodi ilipokutana nilikaa pembeni, kimeza changu karibu na dirisha, nikaandika. Miaka 14. Wajumbe walikuja na kuondoka, mameneja wakuu wanne wakapita, mimi na daftari langu la hati mkato, yale maandishi ya alama za haraka, tukabaki palepale.

Kuna jambo sijawahi kukuambia, na baba yako tu ndiye aliyelijua. Muhtasari wa kikao nilikuwa nautaipu kabla ya kikao. Meneja Mkuu ananiita jioni ya jana yake, anafunga mlango, ananisomea polepole: "Bodi ilipokea taarifa ya utekelezaji na kuipongeza menejimenti. Bodi iliridhia maombi ya nyongeza ya mkopo." Nakata stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia, usiku huohuo. Asubuhi wajumbe wanafika kutoka Dar es Salaam saa nne badala ya saa tatu, wamechoshwa na barabara, na kila mmoja anakuta mezani kwake soda, kabrasha la kurasa 60 na bahasha ya kaki yenye posho. Bahasha ndiyo inayofunguliwa kwanza. Saa saba kuku yuko tayari, saa nane magari yanageuza. Mimi narudi kwenye stensili yangu, naongeza majina ya waliotoa udhuru na saa ya kufunga kikao, nadurufu, tarishi anapeleka masijala. Kila kitu kipo: akidi ilitimia, agenda zilifuatwa, azimio limeandikwa. Mkaguzi angekuja asingeona kasoro hata moja.

Usidhani walikuwa wajinga, au wezi wote. Wengine walikuwa waadilifu kuliko watu ninaowaona siku hizi kwenye televisheni. Lakini hebu jiulize, walikuwa na amri juu ya nini? Mwenyekiti aliteuliwa na Rais, wajumbe na waziri. Meneja Mkuu naye aliteuliwa na Rais. Kwa hiyo bodi ilimsimamia mtu ambaye haikumwajiri na haikuweza kumwondoa, na yeye alilijua hilo. Ngazi za mishahara zilipangwa na SCOPO, kamati ya serikali ya kusimamia mashirika ya umma. Bei ya bidhaa zetu, kwa miaka mingi, ilipangwa na Tume ya Bei. Fedha za kigeni za kununulia vipuri zilingojwa Benki Kuu. Kilichobaki kwa bodi ni kupokea na kupongeza.

Hasara nayo haikumuuma mtu. Tukikwama tulikwenda Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, ileile iliyozaliwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, na benki ilitoa, kwa sababu mkopaji ni wa serikali na mkopeshaji ni wa serikali. Mfuko wa kulia unaukopa wa kushoto. Madeni yale mwishowe yalilazimu kuundwa chombo kizima cha kuyafukuzia, LART, mwaka 1991. Hesabu zetu wenyewe zilikuwa nyuma kiasi kwamba mwaka 1987 bodi ilipitisha hesabu za mwaka 1983. Vijana wa Shirika la Ukaguzi walikuwa wakija na mikoba yao, wanaulizia hati za malipo, wanaambiwa mhasibu aliyezitunza amehamishwa Tabora. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, tena zuri, limeandikwa kabla ya mali kupotea.

Mara moja tu stensili yangu ilichanika. Alikuwepo mjumbe mpya, mwalimu mstaafu wa huku huku Morogoro, mzee mwembamba aliyekuja kikaoni kwa baiskeli. Walipofika kwenye matumizi ya usafiri akainua kidole kama mwanafunzi: "Samahani Mwenyekiti. Hapa nasoma mafuta ya magari. Magari ni mangapi, na kila moja linakunywa lita ngapi kwa mwezi?" Kimya. Nakumbuka feni ya dari ilivyokuwa inalia. Meneja Mkuu akamtazama Mhasibu Mkuu, Mhasibu Mkuu akatazama kabrasha lake kama vile limeandikwa Kichina. Magari yalikuwa sita. Mawili hayakuwa na injini, yalikaa nyuma ya bohari juu ya matofali, kuku wa mlinzi wakitagia ndani, na yote mawili yaliandikiwa mafuta kila mwezi. Mwenyekiti akasema jibu litaletwa kikao kijacho. Usiku ule nilitaipu muhtasari upya, na kwa mara ya kwanza niliandika neno "Mjumbe alihoji". Kikao kijacho mafuta yalikuwa yamepungua kwa kiasi kinachoonekana. Hakuna aliyeshtakiwa, hakuna sheria mpya iliyotungwa, swali tu. Muda wa yule mzee ulipokwisha hakuteuliwa tena.

Ndiyo maana nakwambia mashirika hayakufa kwa kukosa bodi. Yalikufa kwa sababu kila kitu ambacho bodi ilikijua ilikijua kwa mdomo wa yuleyule iliyepaswa kumsimamia, na aliyeuliza alijua hatarudi. Na mwenye mali alikuwa umma, yaani watu milioni ishirini na ushee ambao hakuna hata mmoja aliyealikwa kikaoni. Shamba la bibi, tuliliita.

Mwaka 1992 ikaja Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, PSRC, na orodha ya mashirika karibu 400. Watu wengi hapa walilia, wengine wakashangilia, wote kabla ya kujua. Kiwanda chetu kiliuzwa, nami nikabakizwa miaka michache na wenye mali wapya. Nikiri, nilistaajabu. Kabrasha lilifika kwa wajumbe siku saba kabla. Kikao kilianza kwa kuulizana nani ana maslahi yoyote kwenye agenda za leo, na siku moja mjumbe mmoja alisimama, akasema mkandarasi wa usafirishaji ni mtoto wa dada yake, akatoka nje akakaa kwenye benchi la walinzi mpaka agenda ikaisha. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama hicho. Nilikiandika kwa mkono unaotetemeka.

Lakini usije ukabeba hadithi ya kwamba serikali ni giza na binafsi ni nuru. Mwaka wa pili ikatokea kwenye hesabu "ada ya usimamizi" inayolipwa kwa kampuni mama ng'ambo. Mwaka wa tatu ikaongezeka. Kiwanda kinauza, kiwanda kinapata hasara, kampuni mama inapata ada. Serikali ilikuwa imebaki na hisa kidogo na mjumbe mmoja kwenye bodi. Alikuja, akala, akasaini. Ile ada ilimnyima gawio yeye na aliyemtuma, na hakuna aliyeinua kidole. Baadaye mitambo ilifunguliwa skrubu moja moja, na leo ukipita pale ni ghala. Viwanda vingi vya hapa mjini viliishia hivyo. Mwenye mali alipatikana kweli, ila alikuwa mmoja mwenye nguvu, na wenzake wadogo hawakuwa na pa kusemea.

Linganisha na benki. NBC ilivunjwa mwaka 1997. Sehemu moja ilibaki na jina, na hisa zake nyingi zikauzwa kwa Absa ya Afrika Kusini mwaka 2000. Sehemu nyingine, NMB, ilirithi matawi ya wilayani, na watu waliiona kama makombo. Mwaka 2005 serikali iliuza asilimia 49 kwa kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi, na mwaka 2008 hisa zake zikaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Baba yako, Mungu amrehemu, alinunua chache kwa kiinua mgongo chake, nami nikamgombeza wiki nzima. Halafu kikaanza kuja kile kitabu cha taarifa ya mwaka. Alikisoma barazani kwa miwani ya kuegesha puani: majina ya wajumbe, elimu zao, nani yuko kamati ya ukaguzi, mikopo mibaya ni kiasi gani. Akaniambia, "Mama Fulani, miaka 20 nimefanya kazi kwenye shirika langu mwenyewe kama mwananchi na sikuwahi kuonyeshwa hesabu zake. Hawa nina hisa za kuhesabika, wananipa kitabu." Na kila robo mwaka hesabu za benki zinachapishwa magazetini, mshindani anasoma, mwandishi anasoma, mstaafu wa Kihonda anasoma. Hapo bodi haiwezi kuishi kwa stensili. Wala sisemi wale ni watu bora kuliko wa kwetu. Wana macho mengi yanayowatazama.

Sasa kampuni yako. Ugonjwa wake ni kinyume cha wa kwetu. Sisi mwenye mali hakuonekana. Ninyi mwenye mali kajaza chumba. Yule mzee ameianzisha kwa jasho lake, cheki anasaini yeye, mtoto wa kwanza ni mkurugenzi wa fedha, mkwe yuko manunuzi, na sina shaka umeme wa nyumbani unalipwa na kiwanda. Hataona ni wizi, ni chake. Siku atakapouza hisa hata asilimia kumi, umeme ule unakuwa wizi, na pengine hakuna aliyempa habari hiyo. Kazi utakayoitiwa ni hiyo hasa, hata kama barua ya mwaliko imeandika maneno mazuri ya utawala bora.

Na sheria haitakuuliza kama ulikuwa mgeni. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2006, inamtaka mkurugenzi atende kwa uaminifu kwa maslahi ya kampuni. Haikusema kwa maslahi ya aliyekualika. Ukiwa na maslahi kwenye mkataba, unayatangaza. Wakifika sokoni, hata kwenye lile dirisha la kampuni ndogo lililofunguliwa mwaka 2013, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji itataka wajumbe huru, yaani wasiofungamana na mwenye mali wala menejimenti, na kamati ya ukaguzi inayofanya kazi.

Kwa hiyo jibu langu: kubali, ila si wiki hii. Kwanza omba hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, pamoja na ile barua ambayo mkaguzi huiandikia menejimenti kuhusu kasoro alizokuta. Wakikupa hesabu wakakunyima barua, umeshajibiwa. Uliza mkaguzi wa ndani anapeleka taarifa kwa nani. Kama ni kwa mtoto wa mzee, sema ungependa apeleke kwa kamati, uone sura zao. Mtafute mjumbe aliyetangulia kuondoka, umnunulie chai, umwache aongee. Na kabrasha lije siku saba kabla; likiletwa asubuhi ya kikao, waambie kwa upole agenda ile isogezwe. Watakasirika mara ya kwanza. Posho uliyonitajia ni nene, mwanangu, na hilo nalo lina maana yake. Usiifanyie bajeti. Mjumbe ambaye ada ya shule ya watoto imo ndani ya ile bahasha hawezi kuuliza habari za lita.

Kuna kingine ambacho wakubwa huwa hawakitazami. Siku utakayokwenda kuonana nao, mtafute anayeandika muhtasari. Atakuwa binti mmoja pembeni, ana kompyuta ndogo, hakuna anayemsalimu. Msalimu. Muulize rasimu ya muhtasari anaipeleka kwa nani kwanza kabla ya wajumbe kuiona, na anaianza lini.

Madaftari yangu ya hati mkato bado yapo, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, mchwa wamekula mawili. Lile la siku ya mwalimu mstaafu liko salama. Stensili ziliandika walichotaka, lakini daftarini niliandika walichosema, na huwezi kulisoma bila mimi. Njoo Jumamosi na hizo hesabu zao. Miwani nimebadilisha.

Mama yako