Ruta isizimike umeme ukikatika katikati ya kikao cha mtandaoni

Kama laptopu ina chaji na kikao bado kinakatika, tatizo ni ruta. Soma lebo ya adapta yake: nyingi ni volti 12, ampea 1 au 1.5. Nunua UPS ndogo ya ruta (betri inayoshika umeme ukikatika) yenye volti hizo hizo na ampea zisizopungua hizo. Volti zikizidi ruta inaweza kuungua. Ampea za ziada hazina shida. Angalia na pini ya waya inayoingia kwenye ruta, hapa wengi hukwama: kipenyo cha nje mara nyingi ni milimita 5.5, cha ndani 2.1 au 2.5. Ya 2.1 haiingii kwenye tundu la 2.5, na ya 2.5 kwenye la 2.1 inalegea, ukigusa meza tu intaneti imekata.

Pawabenki yenye waya wa kupandisha volti 5 hadi 12 inafaa kwa dharura. Ya mAh 20,000 itaendesha ruta ya wati 8 kwa saa 6 hivi. Ila nyingi hukatika kidogo unapochomeka au kuchomoa chaja yake, na ruta inaanza kuwaka upya.

Ukiwa na intaneti ya faiba yenye visanduku viwili (kimoja cha kupokea waya wa faiba, kingine ruta), vyote vinahitaji umeme.