Maswali ya Wasomaji: GCC na LLVM, kwa nini wasiungane?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninasoma kompyuta na nimeshaanza kuandika C++. Nimeona kuna kompaila (programu zinazogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) mbili kubwa za programu huria, GCC na Clang ya mradi wa LLVM, na zote zinafanya kazi ile ile. Kwa nini watu hawa wasiunganishe nguvu wakawa na kompaila moja? Naona kama kazi inafanywa mara mbili bure. Na kama kuungana hakuwezekani, je, wanasaidiana kwa lolote?

JIBU: Marahaba. Swali lako linanigusa, maana kompaila hizi mbili ndizo zinazoniweka mjini, na kila programu yangu huipitisha kwa zote mbili kabla haijatoka mikononi mwangu.

Kuungana kulikaribia kutokea. Richard Stallman, mwanzilishi wa vuguvugu la programu huria, alitoa GCC mwaka 1987. LLVM ilianza mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Illinois, kwa kazi ya Chris Lattner na mwalimu wake Vikram Adve. Mwaka 2005 Lattner alipendekeza LLVM iingizwe ndani ya GCC, na haki miliki yake ikabidhiwe kwa wenye GCC. Haikuwa. Miaka kumi baadaye Stallman alieleza kwamba pendekezo lile hakuwahi kuliona.

Wapo wanaolisikitikia jambo hilo mpaka leo. Mimi silisikitikii. Ukiwa na kompaila moja tu, ikikosea utamuuliza nani? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walitengeneza programu iitwayo Csmith, inayotunga programu za C kwa bahati nasibu, kisha programu ile ile inapelekwa kwa kompaila mbalimbali na majibu yanalinganishwa. Kufikia 2011 walikuwa wamefichua hitilafu zaidi ya 325 zilizokuwa hazijulikani, katika GCC, LLVM na nyinginezo. Njia hiyo inakuwa na maana pale tu kompaila zimeandikwa na watu tofauti, wenye mawazo tofauti. Kazi unayoiona imefanywa mara mbili ndiyo inayotupa shahidi wa pili.

Kusaidiana kupo, ila leseni ndiyo inayopanga njia. GCC iko chini ya GPL toleo la 3, leseni inayodai kwamba kinachojengwa juu ya msimbo wake nacho kikitolewa kifuate masharti yale yale. LLVM inatumia leseni iliyo legevu zaidi, Apache 2.0, yenye vipengele vyake vya ziada. Msimbo wa LLVM unaweza kuingia GCC kisheria. Wa GCC hauwezi kuingia LLVM hivi hivi, kwa sababu ungekuja na masharti ya GPL. Kwa hiyo msimbo wenyewe husafiri upande mmoja. Mfano mzuri ni AddressSanitizer, chombo kinachomkamata mtu anayegusa kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa au iliyo nje ya mipaka yake. Wahandisi wa Google walikijenga ndani ya LLVM, na GCC ikakipata katika toleo la 4.8, mwaka 2013. Sehemu ya ndani ya kompaila ilibidi GCC waiandike wenyewe, lakini maktaba inayofanya kazi wakati programu inaendeshwa ni ile ile ya LLVM. Utaratibu wao ni kwamba marekebisho ya maktaba hiyo yapelekwe kwanza LLVM, ndipo yarudi GCC. Naupenda sana utaratibu huo: watu wa timu moja wanapeleka kazi yao kwa timu nyingine bila kuona wamepoteza kitu.

Mawazo, tofauti na msimbo, husafiri pande zote. Chukua -ftrivial-auto-var-init, chaguo la amri ya kompaila linalojaza vigeu (variables) ambavyo mwandishi hakuvipa thamani. Clang ilitangulia kuwa nalo. Ukitaka kujaza sifuri, Clang ilikulazimisha kuongeza chaguo jingine refu mno ambalo jina lake lenyewe lilikuonya kwamba litaondolewa. GCC 12 ikaja mwaka 2022 na chaguo lenye jina lile lile, ikaruhusu sifuri bila sharti lolote. Clang 16 nayo ikaliondoa sharti lake. Watu wa kerneli ya Linux (kiini cha mfumo huo), wanaoijenga kwa kompaila zote mbili, kwa matoleo hayo mapya chaguo moja linawatosha.

Panapouma ni pale upande mmoja unapobadilisha jambo ambalo upande wa pili lazima ulifuate. GCC na Clang hufuata hati moja ya makubaliano ya C++, inayoitwa Itanium C++ ABI (ABI ni kanuni za namna vipande vya programu vilivyokwisha kujengwa vinavyoungana), inayosema jina la kila funksheni liandikweje ndani ya faili la mashine. Ndiyo maana faili lililotoka GCC linaunganika na lililotoka Clang. Mwaka 2015, GCC 5 ilileta umbo jipya la std::string, aina ya C++ inayohifadhi maandishi, kwa sababu kanuni za C++11 (toleo la 2011 la lugha hiyo) hazikuruhusu tena umbo la zamani. Sababu ilikuwa halali kabisa. Ili maumbo mawili yasichanganyike, GCC iliongeza alama kwenye majina ya funksheni zinazorudisha std::string. Clang haikuijua alama hiyo. Basi maktaba iliyojengwa kwa GCC ilikuwa na jina moja, programu iliyojengwa kwa Clang ikatafuta jina jingine, na mjenzi akabaki anaambiwa funksheni haipo ilhali anaiona kwa macho yake. Clang ilikuja kuielewa alama hiyo katika toleo la 3.9, mwaka 2016.

Mwaka mzima na zaidi! Hapo ndipo ushirikiano ninaoutaka mimi: waongee kabla jambo halijatolewa kwa umma, hasa majina, chaguo za amri na ABI, maana hayo yakishatoka hayarudi. Ndani ya kompaila kila mmoja ajenge apendavyo.

SWALI: Nikikuta programu yangu inatoa jibu moja kwa GCC na jingine kwa Clang, nimripotie nani?

JIBU: Kwanza ichunguze programu yako. Ijenge kwa -fsanitize=undefined na -fsanitize=address, chaguo zinazonasa makosa programu inapoendeshwa, kwa kompaila zote mbili. Mara nyingi kosa ni la mwandishi, na kompaila zote mbili ziko ndani ya haki yao. Ikipita salama, ipunguze kwa C-Reduce, chombo cha kufupisha programu yenye kosa, mpaka ibaki mistari michache, kisha usome kanuni za lugha zinasemaje. Kosa likiwa la GCC, liandike kwenye Bugzilla yao, tovuti ya kuripoti hitilafu. Likiwa la Clang, LLVM hupokea ripoti GitHub tangu mwishoni mwa 2021. Usipokuwa na hakika, andika kote kuwili na uweke kiungo cha kila ripoti ndani ya nyenzake, ili wahandisi waonane. Na hitilafu ikiwa ndani ya maktaba ya AddressSanitizer, hata kama umeikuta ukitumia GCC, ipeleke LLVM.