Maswali ya Wasomaji: Baada ya McIlroy, Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni kedi, mbeba mikoba ya wachezaji, katika klabu moja ya gofu jijini Nairobi. Tunapokaa kivulini kungoja zamu, ubishi wetu mkubwa msimu huu ni kuhusu mashindano makuu manne ya dunia. Mwenzangu mmoja anashikilia kwamba ukimwondoa Rory McIlroy, Uingereza haina mtu mwingine wa kutwaa taji hata moja, na kwamba Tommy Fleetwood amezaliwa kushika nafasi ya pili. Mimi nasema Fleetwood atashinda mwaka 2026, tena kwao nyumbani. Ni nani kati yetu aliye karibu na ukweli?
Kedi, Nairobi

JIBU: Ndugu Kedi, tumwondoe McIlroy kama mwenzako anavyotaka, kwa kuwa kumtaja si utabiri tena. Mzaliwa huyo wa Holywood, Ireland Kaskazini, alishinda Masters mwezi Aprili 2025 na kuwa mtu wa sita katika historia kutwaa mataji yote manne. Hata hivyo, baada ya kumwondoa, mwenzako bado amekosea, kwa sababu Matt Fitzpatrick wa Sheffield alishinda mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 2022, na Justin Rose aliyatwaa mwaka 2013. Wewe nawe, kwa maoni yangu, umepata jina lakini umekosea mahali.

Tunaandika haya Desemba 2025, na jambo la kwanza tunaloangalia ni uwanja. Kati ya mashindano manne ni Masters pekee ambayo hayahami, kwani huchezwa Augusta kila mwaka. Kwa mwaka 2026, yale ya PGA (chama cha wachezaji gofu wa kulipwa) yatafanyika Aronimink karibu na Philadelphia mwezi Mei, ya wazi ya Marekani yatakuwa Shinnecock Hills katika kisiwa cha Long Island mwezi Juni, na ya wazi ya Uingereza yatarudi Royal Birkdale mwezi Julai. Birkdale iko Southport, mji aliozaliwa Fleetwood, naye amesimulia jinsi yeye na baba yake walivyokuwa wakijipenyeza uwanjani humo bila ruhusa ili apige mipira michache. Naelewa basi kwa nini unaiona ndoto yako imekaribia.

Sifa ya kushika nafasi ya pili hakuipata bure. Mwaka 2018, mashindano ya wazi ya Marekani yalipochezwa hapohapo Shinnecock, alimaliza raundi ya mwisho kwa mikwaju 63, na katika shimo la 18 mpira wake ulikuwa umelala hatua tatu tu kutoka shimoni. Aliusukuma, ukapita kando, akashindwa na Brooks Koepka kwa mkwaju mmoja. Mwaka uliofuata alikuwa wa pili tena, katika mashindano ya wazi ya Uingereza huko Royal Portrush, nyuma ya Shane Lowry. Mwezi Juni 2025 aliongoza hadi shimo la mwisho la mashindano ya Travelers nchini Marekani, akayapoteza palepale. Mtu mwingine angevunjika moyo, lakini Agosti ya mwaka huohuo, baada ya kushiriki zaidi ya mara 160 katika mashindano ya ligi ya PGA ya Marekani bila ushindi, alishinda fainali ya msimu huko East Lake, Atlanta, na miezi miwili baadaye akashinda tena Delhi. Fundo lililokuwa limemkaba limefunguka, nasi tunaamini mtu wa namna hiyo akirudi Shinnecock, kwenye uwanja ulio wazi kwa upepo kama ile aliyokulia, atakuwa na deni la kudai.

Kuhusu Birkdale tunasitasita. Nyumbani kuna mapenzi, lakini pia kuna macho mengi, na kila jirani aliyekuona ukiwa mtoto anataka umwone akikupungia mkono. Mwaka 2019 McIlroy alifungua mashindano ya Portrush, kwenye uwanja anaoujua tangu utotoni, kwa kutumia mikwaju minane katika shimo la kwanza peke yake, akachujwa baada ya raundi mbili. Fleetwood mwenyewe alipocheza Birkdale mwaka 2017 alianza kwa mikwaju 76. Isitoshe, mchezaji wa mwisho wa England kushinda mashindano hayo katika ardhi ya England ni Tony Jacklin, mwaka 1969; mataji yote matatu ya Nick Faldo, la mwisho likiwa la 1992, alitwalia Scotland.

Ikiwa lazima tuchague mtu wa Birkdale, tunamchagua Robert MacIntyre wa Oban, Scotland, anayecheza kwa mkono wa kushoto. Wewe kama kedi utampenda: aliposhinda mashindano ya wazi ya Kanada mwaka 2024, aliyembebea mkoba alikuwa baba yake mzazi, ambaye kazi yake ya kila siku ni kutunza nyasi za uwanja wa nyumbani kwao. Mwaka 2025, katika mashindano ya wazi ya Marekani huko Oakmont, alimaliza raundi yake akiwa mbele, akakaa kutazama televisheni, akamwona J.J. Spaun akiuingiza mpira kutoka mbali sana katika shimo la mwisho, naye akampigia makofi. Mskoti wa mwisho kutwaa taji kuu ni Paul Lawrie, mwaka 1999, na kwa hakika nchi iliyoufunza ulimwengu mchezo huu imengoja muda mrefu mno.

Kwa Aronimink msimsahau Rose. Ana umri wa miaka 45, na wengi wamekwisha kumzika, lakini alishinda katika uwanja huo mwaka 2010, na mwaka 2018 alishindwa hapo kwenye mchujo tu, yaani mashimo ya ziada ya kuamua mshindi baada ya sare, matokeo yaliyompandisha hadi nafasi ya kwanza duniani. Mwezi Aprili 2025 alimlazimisha McIlroy kwenda mchujo huko Augusta. Fitzpatrick naye alimshinda McIlroy kwa mchujo huko Dubai mwezi Novemba, kwa hiyo yuko katika hali nzuri. Tyrrell Hatton ana kipaji cha kutosha, ila hasira zake humpokonya mikwaju anayoihitaji Jumapili.

Kizuizi cha wote hawa kina jina moja, nalo ni Mmarekani Scottie Scheffler, aliyetwaa mataji mawili kati ya manne mwaka 2025. Huyo hakuna uwanja unaomkataa.

Mwambie pia mwenzako asiwadharau wanaopita Nairobi: Ian Woosnam wa Wales alishinda Kenya Open mwaka 1986, na miaka mitano baadaye alivalishwa koti la kijani la Masters.

Kwa hiyo, kama mmewekeana chochote, wewe hamisha ubashiri wako kutoka Julai hadi Juni. Raundi ya mwisho ya Shinnecock ni Jumapili tarehe 21, na kwa kuwa New York iko nyuma yetu kwa saa saba, itawalazimu kukesha hadi karibu saa nane za usiku ili kuona kama mpira ule wa hatua tatu safari hii utaingia.